Malagarasi: Mto Wetu, Picha Zao

Wiki tatu zilizopita, katika semina ya wanafunzi wa uzamili, kijana mmoja kutoka Kasulu aliwasilisha mada juu ya picha za kale za mito, madaraja na vinu vya maji katika kaunti ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa amejiandaa vizuri. Alituonyesha michoro ya rangi za mafuta, kisha picha za kamera za karne ya 19, na kila daraja lilikuwa na jina lake, kila kinu na mwenyewe, kila konzi ya mto na kijiji chake. Mwishoni nikamuuliza swali ambalo sikudhani kuwa ni gumu: kwa nini hakuifanya kazi hiyo kwa mito ya kwao? Akanijibu kwa adabu zote: "Dokta, kwetu hakukuwa na madaraja wala vinu. Kulikuwa na mto tu."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nimezaliwa Murungu, Wilaya ya Kibondo, na huo "mto tu" anaousema ndio niliovushwa mgongoni mwa baba mkubwa nilipokuwa sijui kutembea. Nimelichukua jibu lake hadi nyumbani, nimelala nalo, na sasa naliandika hapa kwa sababu si kosa lake peke yake. Ni kosa tulilomfundisha.

Tuanze na Suffolk, kwa kuwa ndiko alikotupeleka. Mchoro mashuhuri wa kinu cha Flatford, kando ya mto Stour, ulichorwa na John Constable miaka ya 1816 na 1817. Constable hakuwa mpita njia aliyevutiwa na maji. Alikuwa mtoto wa mwenye kinu hicho. Baba yake, Golding Constable, alitajirika kwa kusaga nafaka na kuisafirisha kwa majahazi ya mtoni. Kwa maneno mengine, mwana alichora mali ya baba. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, mwaka 1943, kinu cha Flatford kilikabidhiwa kwa taasisi ya kitaifa ya urithi ya Uingereza, na hadi leo watu wanasafiri kwenda kusimama pale aliposimama mchoraji. Angalia mpangilio wa mambo: picha ilitangulia, ulinzi ukafuata. Kinu kisichochorwa kilibomolewa na hakuna aliyelia.

Tena picha hizo zinanyamazia mengi. Katika karne za kati, mkulima wa Kiingereza alilazimika katika sehemu nyingi kusaga kwenye kinu cha bwana wake na kumwachia sehemu ya unga. Kitabu cha sensa ya mali kilichoandikwa kwa amri ya mfalme mwaka 1086 kiliorodhesha vinu zaidi ya 5,000, na havikuhesabiwa kwa uzuri wake. Vilihesabiwa kwa sababu vililipa. Kinu kilikuwa kodi, na daraja lilikuwa kodi vilevile.

Naomba msomaji aishike hoja hiyo ya kodi, maana ndiyo tunayovuka nayo kwenda Malagarasi.

Mwanzoni mwa mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika kwenye mto huo wakiwa njiani kwenda Ujiji. Hawakukuta "mto tu". Walikuta kivuko chenye mwenyewe: mutware, mwakilishi wa mtawala wa Uvinza, ambaye Burton katika kitabu chake cha 1860 alimpa jina la Bwana wa Kivuko. Walikuta mitumbwi ya magome ya miti, watu wanaojua kina cha maji na mahali pa mamba, na bei ambayo lazima ijadiliwe kabla mguu haujaingia mtumbwini. Miaka 13 baadaye, mwaka 1871, akaja Henry Morton Stanley akimtafuta Livingstone. Naye akajadiliana na watu wa mtawala yuleyule au mrithi wa jina lake, akalipa, akavuka huku akilalamika. Katika kuvuka huko mamba alimkamata punda wake. Punda huyo aliitwa Simba. Nimekisoma kitabu cha Stanley zaidi ya mara moja, na sikumbuki kuona jina la mvushaji hata mmoja aliyemfikisha ng'ambo akiwa hai. Punda ana jina, mvushaji hana.

Stanley alipoingia Buha akadaiwa tena hongo, na tena, mpaka akaamua kuondoka usiku kwa njia ya kificho, watu wake wakiamriwa wanyamaze, ili asilipe zaidi. Kwa Kiswahili cha stendi ya mabasi tungesema alikimbia nauli. Lakini katika vitabu tulivyosoma shuleni tendo hilo linaitwa ujasiri, na ushuru aliokwepa unaitwa unyang'anyi wa machifu wenye tamaa.

Sasa tazama. Mwaka huohuo wa 1871, mtu aliyetaka kuvuka mto Thames kwa Daraja la Waterloo, katikati ya London, alilipa ushuru. Aliendelea kulipa mpaka mwaka 1878 daraja hilo lilipofanywa huru. Hakuna mwanahistoria anayewaita wenye daraja lile wanyang'anyi. Anawaita wawekezaji. Mtu wa London anayelipwa kwa kumvusha mwenzake ni mjenzi wa taifa. Mtu wa Uvinza anayelipwa kwa kazi hiyohiyo, katika mto wenye mamba, ni kikwazo cha ustaarabu. Sisi wenyewe tumeiimeza tafsiri hiyo pamoja na mifupa yake.

Nasema kivuko ni daraja. Kina njia inayofika na njia inayoondoka, kina mwenye mamlaka, kina mafundi, kina matengenezo ya kila msimu, kina mapato. Kilichokosekana ni mawe tu, na mawe hayakukosekana kwa ujinga. Mto unaopanuka masika ukameza bonde zima, kisha kiangazi ukarudi kitandani mwake, haufungwi kwa nguzo mbili za mawe. Unafuatwa kwa mtumbwi unaobebeka. Verney Lovett Cameron, aliyepita mwaka 1874, alisimulia kuvuka kijito cha Sindi, kinachoingia Malagarasi, juu ya tandiko nene la majani na mafunjo yanayoelea, lililowabeba watu na mizigo. Daraja lililoota lenyewe! Wenyeji walijua ni wapi linabeba na ni wapi linazamisha, na ujuzi huo ndio uliokuwa uhandisi wake.

Na vinu je? Kijana wangu alitafuta gurudumu la maji, hakuliona, akahitimisha kuwa hapakuwa na kinu. Hakuuliza unga ulitoka wapi. Kila ua la Buha lilikuwa na jiwe la kusagia, na penye miamba karibu na maji wanawake walisagia palepale mwambani, kizazi baada ya kizazi, mpaka mwamba ukachimbika mabonde laini kama ya sahani. Hivyo ni vinu. Havikuwa na bwana wa kuviorodhesha kwenye daftari la mfalme, kwa sababu havikutozwa kodi, na kwa sababu waliovitumia walikuwa wanawake. Sababu hiyo ya pili naona ndiyo nzito zaidi.

Kama tunataka kiwanda hasa, twende Uvinza, pale mto Ruchugi unaposhuka kutoka Kasulu kukutana na Malagarasi. Chumvi ya chemchemi za Uvinza ilichemshwa katika vyungu na kusafirishwa mbali, hadi nchi za maziwa. Utafiti wa kiakiolojia wa Sutton na Roberts, uliochapishwa mwaka 1968, ulionyesha kuwa kazi hiyo ilikuwapo tangu karne ya 5 au ya 6 hivi. Ina maana moto wa kuchemshia chumvi uliwashwa kando ya mto wetu karne kama tano kabla ya karani wa mfalme wa Uingereza hajaanza kuhesabu vinu vya Suffolk. Hilo halimo katika mada ya kijana wangu wala katika mtalaa uliomlea.

Picha zipo wapi? Zipo nyingi kuliko tunavyodhani, ila zimetawanyika kama familia iliyokimbia vita. Wajerumani walifikisha reli ya kati Kigoma mwaka 1914, na kamera zao zikaifuata reli hiyo daraja kwa daraja. Picha za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyezunguka koloni hilo, zimo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Maelfu nyingine za makoloni zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma, wakaitawala Buha hadi 1921, kwa hiyo sehemu ya kumbukumbu zetu ilikwenda Ubelgiji. Kisha wakaja Waingereza, na mafaili yao yakagawanyika kati ya London na Dar es Salaam. Mtoto wa Kibondo anayetaka kuuona mto wa babu yake miaka mia iliyopita anahitaji Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Kiha chake hakimsaidii kitu, ilhali ndicho pekee kinachojua majina ya mahali.

Nakiri kuwa leo nyingi ya picha hizo zinaonekana kwenye intaneti bila viza. Lakini kuonekana si kusomeka. Katika nilizopitia, maelezo yanamtaja ofisa, yanautaja mto kwa tahajia ya kubahatisha, kisha yanasema "wenyeji". Ukiandika "Kibondo" kwenye mtambo wa kutafutia, unachoona kwa wingi ni mahema: Nduta, Mtendeli, wakimbizi na madumu ya maji. Siwalaumu waliopiga picha hizo. Ndugu zetu kutoka Burundi na Kongo walistahili kuonekana katika dhiki yao. Nasema tu kwamba nchi yenye karne nyingi za vivuko na chumvi imebaki na sura moja, ya turubai.

Na hapa nawageukia wenzangu, maana ni rahisi mno kuilaumu Ulaya na kwenda kulala.

Barabara ya lami kutoka Kabingo, kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, takribani kilomita 260, tumeililia miaka mingi. Inapita juu ya Malagarasi na vijito visivyo na idadi. Mimi ni wa kwanza kuifurahia. Nimekwama katika tope la njia ile usiku mzima nikiwa na mgonjwa, na sihitaji kufundishwa umuhimu wa lami. Lakini barabara mpya hung'oa madaraja ya zamani. Palikuwa na madaraja ya vyuma, ya magogo, na makalavati yenye tarehe zilizoandikwa kwenye saruji mbichi kwa kijiti. Nimeuliza katika ofisi moja ya umma, nisiyoitaja, kama kuna aliyepiga picha kabla ya tingatinga kupita. Nikaonyeshwa sanduku. Ndani yake mlikuwa na bahasha za picha za miaka ya nyuma, zimeshikana kwa unyevu, na mchwa walikuwa wameanza upande wa kushoto. Mhusika akaniambia kwa upole kwamba hakuna bajeti ya sanduku jipya.

Rafiki yangu mmoja, mhandisi, alinikemea niliposimulia habari hii. "Watu wanahitaji daraja," akasema, "si picha ya daraja." Hoja hiyo ina nguvu na naisikia kila mahali, kwa hiyo niijibu kwa mfano na si kwa nadharia.

Katika miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu wengi wa mabonde ya Buha, hasa upande wa Kibondo, ikawakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, siubishi. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na watu wakasogezwa tena kwenye vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Mabonde yakabaki matupu, miti ikarudi, mbung'o wakarudi, na penye miti na mbung'o serikali yoyote duniani huona pori. Mwaka 2000 eneo oevu la Malagarasi-Muyovozi likawa la kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Ni heshima, nami sitaki liondolewe humo. Lakini wajukuu wa waliohamishwa wanaposhuka bondeni kulima leo, jina lao ni wavamizi. Wakiulizwa ushahidi kwamba babu zao waliishi pale, wananyoosha kidole.

Mwaka juzi mzee mmoja alinipeleka kwenye mojawapo ya mabonde hayo. Tulitembea saa nne. Akanionyesha mwamba wenye mabonde saba ya kusagia, yamejaa maji ya mvua na majani makavu. "Mwanangu," akaniambia, "mama yangu alisaga hapa. Huyo anayeniita mvamizi, mama yake alisaga wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Nilipiga picha kwa simu. Kisha nikagundua kuwa ile ilikuwa picha ya kwanza ya kinu kile kupata kupigwa, na kwamba mbele ya baraza la ardhi haitathibitisha kitu, kwa sababu ni ya mwaka juzi.

Ndiyo maana namwambia rafiki yangu mhandisi: picha ya daraja ni hati. Suffolk wanazo hati, sisi tuna vidole.

Kama mfano huo hautoshi, tazama maporomoko ya Igamba, katika mto huohuo. Mwaka 2008 Marekani na Tanzania zilitia saini mkataba wa Changamoto za Milenia, wenye thamani ya dola milioni 698, na ndani yake ulikuwemo mradi wa kuzalisha umeme Igamba. Mradi ule ukaachwa baada ya tathmini ya mazingira kubaini viumbe adimu wa majini, samaki na konokono, na fedha za Kigoma zikaelekezwa kwenye umeme wa jua. Sina ugomvi na konokono. Lakini nilijifunza kitu: konokono wa Malagarasi walikuwa na wataalamu waliowachora, wakawapa majina na kuwaorodhesha, hivyo mradi wa mabilioni ukasimama kuwasikiliza. Mwezi Novemba 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi mkubwa zaidi katika mto huo, wa takribani megawati 50. Umeme tunautaka, Kigoma imekaa na kelele za majenereta kwa muda mrefu mno. Ninachouliza ni kama wavushaji, wachemsha chumvi na wasaga nafaka wa kingo zile wameandikwa na mtu yeyote kwa uangalifu walioandikiwa konokono.

Sheria haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu kuwa ya kale, bila tangazo lolote, majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linasubiri Waziri alitangaze. Kwa kipimo hicho, daraja lolote la reli ya Mjerumani ni kijana, na kivuko cha mutware, ambacho Burton alikikuta mwaka 1858, hakina ukuta wa kulindwa. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya magofu ya mawe ya pwani inaitazama bara na kuona nyasi.

Siombi makumbusho. Tumeshaahidiwa makumbusho mengi. Naomba kifungu kimoja katika kila mkataba wa barabara na daraja: kabla ya kubomoa, mkandarasi apige picha pande zote nne, aandike jina la mto kama wanavyolitamka wenyeji, majina ya wazee wawili wanaokumbuka nani alijenga, na tarehe. Nakala moja ibaki ofisi ya kata, nyingine iende Nyaraka za Taifa. Gharama yake haifiki bei ya tairi moja la lori la kokoto. Sisi wa vyuo nasi tuache kuwapa wanafunzi alama za juu kwa kuijua Suffolk huku tukiwaachia Kasulu waihadithie likizo.

Kijana wangu nilimpa kazi ya marudio. Alikwenda nyumbani, na Jumapili iliyopita akanitumia picha moja: jiwe la kusagia, limegeuzwa kuwa ngazi ya mlango wa jiko la bibi yake. Chini yake ameandika tarehe, kijiji, na jina la mama wa bibi aliyelitumia. Ni kazi nzuri na nimemwambia hivyo. Nimemrudishia na swali moja la kumuuliza bibi kabla masika hayajafunga njia: jiwe hilo lilibebwa kutoka upande upi wa mto?